Kofia Iliyopanda Gari la Amonia

Kwanza ilisikika sauti. Ssssss. Nyembamba, ndefu, kama mtu anayefyonya kwa dharau, ila huyu hakutaka kumaliza. Tosiri alikuwa bado nje ya banda la magari ya ikulu, funguo mkononi, mlango haujafunguliwa, na tayari mwili ulikuwa umemsisimka. Alisimama akasikiliza. Aliomba iwe ni nyoka. Nyoka ana kichwa, mtu anajua apige wapi.

Akafungua mlango. Nyoka hakuwepo. Lilikuwepo gari, jeupe, refu, linang'aa hadi linaumiza macho, na mkiani mwake tangi la amonia lenye unene wa ng'ombe. Pua ilimkata papo hapo. Machozi yakamtiririka. Mkono ulikwenda mfukoni, ukatoa leso, ukafika nusu ya safari ya kwenda puani, kisha Tosiri akakumbuka sheria, akaitazama leso kama mtu aliyetaka tu kuijulia hali, akairudisha.

Msomaji asidhani nchi hii ni ya kwao. Nchi hii iko mbali sana. Haina hata jina, maana jina lilibadilishwa mara nyingi mno, mpaka wachora ramani wakaacha nafasi tupu wakaandika "subiri". Huko, Mlezi Mkuu aliamka asubuhi moja akatangaza kwamba magari ya nchi yataachana na petroli, yataendeshwa kwa amonia.

Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Amonia hutengenezwa kwa hewa na maji, na ikiungua haitoi moshi mweusi wala ile hewa ya ukaa inayoipasha dunia joto. Lakini ni sumu. Ikimwingia mtu kifuani humuunguza, ikimwingia machoni humpofusha. Nchi nyingine ziliitafutia sumu hiyo vali madhubuti, vinyago na mafunzo. Nchi hii iliitafutia sheria.

Sheria ya kwanza ilifuta harufu: amonia hainuki, na anayesikia harufu ametoka nayo kwao. Sheria ya pili ilifuta neno kuvuja. Tangi la serikali halivuji, linajieleza. Sheria ya tatu ndiyo iliyoleta Pumzi ya Shukrani. Gari la Mlezi likipita, kila mwananchi anyanyue kidevu, atanue pua, avute hewa mpaka kifua kijae, kisha aseme, "Ahsante, Mlezi." Machozi yakimtoka ni mapenzi. Akikohoa ni mapenzi yaliyozidi. Balozi mmoja mgeni aliwaandikia wakubwa wake kwamba hajapata kuona watu wanaompenda kiongozi wao namna hii, mpaka wengine wanazimia.

Dereva aliyekuwa kabla ya Tosiri, mtu mmoja mcheshi aliyeitwa Mchopa, alifunika pua kwa kiwiko mbele ya watu. Alipelekwa Chuo cha Pua kwa masomo ya muda mfupi. Aliporudi alikuwa hasikii harufu yoyote, wala ya ubwabwa, wala ya mkewe, na sauti ilikuwa imemkauka. Walimpa nishani. Siku hizi hukaa barazani kwake amevaa ile nishani, na mtu akimsalimia huanza kuvuta pumzi.

Mlezi mwenyewe hakupanda gari la amonia. Alikuwa na gari la petroli lenye mapazia, lililopita njia nyingine, kwa unyenyekevu, ili asiwabane wananchi barabarani. Kwenye kiti chake ilipandishwa kofia yake. Iliwekwa juu ya mto wa hariri, ikafungwa mkanda, na watu wakaipigia saluti. Kofia ilikuwa pia na maoni. Afande Shilangale wa usalama alikuwa akimnong'oneza Tosiri dirishani, na Tosiri akitangaza kwenye kipaza sauti cha juu ya gari: "Kofia imesema." Kwa mujibu wa sheria, ikishasema imesema. Hakuna wa kuipinga, na kuuliza inasemaje lilikuwa kosa la kupeleka mtu asikorudi.

*

Tosiri hakuzima ile sauti bandani kwa sababu hakujua inazimwaje. Alikwenda kumtafuta Mhandisi Lweno, mkuu wa matangi, msomi aliyesomea mambo hayo ng'ambo na kurudi na miwani mizito na woga mwingi.

"Bwana mhandisi, tangi linajieleza."

"Najua."

"Linajieleza sana."

Lweno alitazama mlango, akatazama dari, akasogeza kiti. "Limejazwa pomoni. Tangi la amonia huachiwa nafasi juu, kwa sababu kimiminika kile kikipata joto kinatanuka. Kisipoachiwa nafasi kinatafuta pa kutokea. Sasa kinapumulia kwenye vali. Vali iko kwa kazi hiyo."

"Mbona hamkuacha nafasi?"

"Niliacha. Waziri akagonga tangi kwa kidole, akasikia linaitika utupu juu. Akaniuliza kama kwetu mgeni hupewa kikombe nusu. Nikasema hapana mheshimiwa. Akasema, na Mlezi je? Nikajaza."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nchi ile. Chochote cha Mlezi kilijazwa hadi kifurike: glasi yake, sahani yake, masanduku ya kura yake. Kumwachia nafasi ilikuwa ni kumwambia atapungua.

"Basi niambie kwamba vali itatusaidia kesho," Tosiri alisema.

Mhandisi alivua miwani akaanza kuifuta, na hakuacha kuifuta. "Waziri anahutubia kesho. Amesema hataki kitu kimzomee wakati anaongea. Ameagiza vali izibwe. Jioni naiziba."

"Ukiiziba, ile amonia itatokea wapi?"

"Itatokea."

"Nimekuuliza wapi."

"Tosiri, ndugu yangu, mimi nina watoto."

"Na mimi ninaye. Kesho anasimama mkiani mwa gari."

Mhandisi alivaa miwani tena, akamtazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuamua. "Wewe unaye mmoja tu," alisema.

*

Kwa kweli Mwanakombo, binti wa Tosiri, hakupangwa kusimama pale kwa bahati mbaya. Alichaguliwa. Sherehe ya Mwaka wa Amonia ilihitaji Mvutaji wa Kwanza, mtoto wa shule atakayesimama karibu na tangi na kuvuta Pumzi ya Shukrani kabla ya taifa zima, ili dunia ione kwamba mafuta ya Mlezi hayamdhuru hata mtoto. Walimu walipima vifua vya watoto wa mji kwa utepe wa fundi cherehani, na kifua cha Mwanakombo kikashinda. Majirani walikuja kupongeza. Walikaa kidogo, wakala ubuyu, wakaondoka bila kutazamana.

Tosiri alipofika nyumbani, jua lilikuwa halijazama, na binti yake alikuwa ukumbini akifanya mazoezi, mikono nyuma, akiimba wimbo waliofundishwa:

*Gesi yetu ya heshima, haina moshi mweusi,*
*Wavutao husimama, vifuani ni wepesi,*
*Mlezi wetu ni mwema, mwendo wetu wa farasi,*
*Vuteni pumzi nzima, asiyevuta ni mwasi.*

Alipomaliza alinyanyua kidevu, akavuta hewa, mabega yakapanda. "Baba, mwalimu anasema navuta fupi. Nionyeshe kama unavyovuta wewe."

Na Tosiri, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi na kule nje kulikuwa na mtu anayenunua karanga kwa muda mrefu mno, alimwonyesha. Alisimama mbele ya mwanawe akavuta pumzi ndefu, akamwekea mkono mgongoni, akasema, "Hivi. Mpaka chini kabisa." Alisikia zile mbavu nyembamba zikitanuka chini ya kiganja chake.

Jikoni, mkewe Siwema alikuwa ameshikilia mwiko bila kukoroga kitu. Alisubiri mtu wa karanga aondoke.

"Baba Kombo, mwambie mwalimu mtoto anaumwa."

"Mtoto wa Kilonge aliumwa, Mama Kombo. Wakaja kumuuguza wenyewe."

"Na hajarudi."

"Hajarudi."

"Basi liharibu gari."

"Likiharibika watauliza nani alilala nalo."

Siwema aliweka mwiko chini. "Mume wangu, unaogopa."

"Naogopa mpaka meno."

"Mimi pia. Ila mimi naogopea upande mmoja tu. Wewe umejigawa. Unamwogopea Kombo, unajiogopea wewe, unaogopea na ile kofia isije ikaanguka kwenye mto wake." Alisema taratibu, bila ukali, na ndiyo maana ilimchoma.

*

Siku ya sherehe gari liliwashwa kwa kusukumwa, kama siku zote, kwa kuwa amonia ni nzito kushika moto na injini ile haikukubali kuamka bila vijana wa Umoja wa Wasukumaji wa Taifa. Walilisukuma mpaka katikati ya uwanja wa michezo, wakalizima mbele ya jukwaa, wakapiga saluti na kwenda zao kwenye kivuli. Kofia ilibaki kitini. Tosiri alibaki usukani, vioo vimepandishwa kwa itifaki.

Alitega sikio. Hakuna sauti. Wala sss, wala tone. Mhandisi alikuwa ameziba kweli, na ule ukimya ulimtisha kuliko kelele ya jana. Kwenye kioo cha nyuma alimwona Mwanakombo juu ya kijukwaa cha mbao, soksi nyeupe, kwaya imejipanga nyuma yake. Bendera zote zilipepea kuelekea huko huko: upepo ulitoka geti la mashariki, ukapita juu ya gari, ukaenda kwa watoto, kisha jukwaani, kisha kwenye umati.

Waziri wa Nishati na Harufu, Mheshimiwa Profesa Ngwaranda, alisimama na hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaosema amonia inawasha macho. Nawauliza, macho ya nani? Wapo wanaosema inabana kifua. Nasema kifua kinachobanwa ni kifua kilichokuwa na nafasi ya kubanwa. Kifua kilichojaa Mlezi hakina nafasi hiyo."

Makofi.

Jua lilipanda. Waziri alieleza historia ya hewa tangu kuumbwa kwake hadi ilipokabidhiwa serikalini. Jua likapanda tena. Alisimulia ndoto aliyoota Mlezi, kisha ndoto aliyoota yeye kuhusu ile ndoto. Bati la gari lilipata moto. Mkiani, chuma kilitoa mlio, *tik*, kama kidole kinachovunjwa. Tosiri alimtazama Mhandisi Lweno kwenye safu ya wataalamu. Mhandisi alikuwa akifuta miwani, na kila mara alipoivaa alijikuta ameketi kiti kimoja karibu zaidi na geti.

*Tik.* *Tik.*

Tosiri alishusha kioo kidogo. "Afande."

Afande Shilangale aliinama dirishani. Alinukia sabuni nzuri. "Sema."

"Mtoto asogezwe nyuma kidogo. Kwa ajili ya picha."

"Picha ziko sawa."

"Afande, tangi lina joto."

Shilangale alitabasamu, na lile tabasamu lilikuwa la kirafiki kabisa. "Dereva, mwanao amepata heshima ambayo mwanangu ameikosa. Usinifanye niulize kwa nini huitaki." Akapandisha kioo yeye mwenyewe kwa kidole, akaondoka.

"Na sasa," alisema Waziri, "Mvutaji wa Kwanza ajiandae."

Mwanakombo akanyanyua kidevu.

Kizibo kiliruka. Hakikulia kama bomu. Kilitoa sauti fupi ya chupa inayofunguliwa, halafu ukaja mvumo, na mkia wa gari ukatema wingu jeupe, baridi, zito, lililopanda kimo cha mtu, likapinda, likaanza kushuka na kutambaa juu ya majani kama maziwa yaliyomwagika. Majani lilipopita yaliinama na kukauka.

Na watu wote wakasimama wima. Hili ndilo litakalomshangaza mgeni: hakuna aliyekimbia. Waliliona wingu, walijua ni nini, na walibaki pale pale wakinyanyua videvu, safu kwa safu, kwa sababu kila mmoja alimtazama jirani yake na jirani alikuwa hajakimbia. Waziri, ambaye aliliona kabla ya wote, alipiga makofi. "Linajieleza," alisema kwenye kipaza sauti, na sauti ilimvunjika. "Ndugu wananchi, linajieleza. Tuvute."

Tosiri aliona mabega ya mwanawe yakianza kupanda. Yalipanda vizuri, kama alivyofundishwa.

Angeweza kupiga kelele za baba. Alijua hazitasikika, na zikisikika hazitafuatwa: nchi ile haikuwa na mazoea ya kumsikiliza baba wa mtu. Lakini kulikuwa na kitu ilichozoea kukisikiliza. Kilikuwa nyuma yake, kimefungwa mkanda. Alikamata kipaza sauti, akakileta mdomoni.

"Kofia imesema."

Uwanja ukatulia. Hata mabega ya Mwanakombo yalisimama katikati.

"Kofia imesema: Mvutaji wa Kwanza asivute. Kofia leo inataka shukrani ya kubana pumzi. Kila mtu abane pumzi. Kofia inaona furaha imewajaa, na inataka kuiona hiyo furaha ikikimbia. Watoto kwanza, wapite mbele ya gari, si nyuma, waelekee geti la mashariki. Kisha wananchi wote, wapitie pembeni. Kofia inataka kujua nani anampenda Mlezi kwa miguu. Wa mwisho kufika getini ni msaliti."

Hapo ndipo uwanja ulipotimka. Haijapata kuonekana furaha ya namna ile. Majenerali waliruka viti. Masheikh na maaskofu walishikana mikono wakachanja mbuga. Kwaya ilipita mbele ya gari mashavu yamevimba, na katikati yake Mwanakombo, soksi moja imeshuka, macho mekundu, akimtazama baba yake kupitia kioo kama anayeuliza amefanya vizuri au vibaya. Tosiri alimpungia aende, aende, huku hewa ya mle ndani ikianza kumkata koo.

Alifungua mlango wa upande wa upepo, naye akakimbia. Kofia aliiacha.

Waziri hakukimbia. Kukimbia kungekuwa kukiri, na yeye ndiye aliyeandika sheria. Alisimama peke yake jukwaani, mbele ya viti vilivyopinduka, akatanua pua, akavuta.

*

Redio ilitangaza Mbio za Furaha, zilizobuniwa na Kofia yenyewe. Ilitangaza pia kwamba Profesa Ngwaranda amelazwa kwa mafua ya shangwe. Waliovuta kidogo, na Mwanakombo alikuwa miongoni mwao, waliambiwa wana koo la kizalendo. Alikohoa siku nzima, akawa analala ameketi, ameegemea kifua cha mama yake, na Siwema akimfuta macho kwa maji safi.

Tosiri alikaa akisubiri kuchukuliwa. Alivaa viatu kabisa.

Afande Shilangale alikuja kesho yake mchana, peke yake, akakaribishwa kiti, akakaa.

"Mimi sikukunong'oneza maneno yale," alisema.

"Hapana, afande."

"Basi yalitoka wapi?"

Tosiri alitazama viatu vyake. Jasho lilimshuka hadi kwenye soksi.

"Usijibu," Shilangale alisema. "Tumelijadili. Tukisema ulidanganya, itabidi tuseme Kofia haikusema. Tukisema haikusema, mtu atauliza kama imewahi kusema. Kwa hiyo Kofia ilisema. Tumeiuliza, haijakanusha." Alicheka kidogo, akangoja Tosiri acheke. Tosiri alicheka. "Tena imeipenda sauti yako."

"Nashukuru, afande."

"Ila dunia haikumwona mtoto akivuta. Picha zinaonyesha watu wanakimbia, na ng'ambo wameanza kuuliza wanakimbia nini. Tangi jipya limeshajazwa, pomoni. Ijumaa tunarudia. Mtoto wako atasimama pale pale, na safari hii Kofia itamwita kwa jina na kumwambia vuta. Itasema kwa sauti yako, dereva. Watu wamekwisha kuizoea." Alisimama, akamgusa Mwanakombo kichwani. "Pona upesi, Mvutaji."

Mwanakombo alikohoa.

Afande alitoka. Mlango ulibaki wazi, na hatua zake zilisikika taratibu kwenye changarawe, za mtu asiye na haraka. Siwema alimtazama mumewe. Mtoto naye alimtazama.

"Baba," alisema kwa sauti ya mikwaruzo, "Ijumaa utaniambia nivute?"

Tosiri alikwenda akapiga magoti mbele yake. Alikuwa akiogopa kuliko jana, kuliko uwanjani, kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alisikia hatua kule nje zikipungua mwendo. Angeweza kunong'ona, na mwanawe angemsikia. Hakunong'ona. Aliongea kama anavyoongea kwenye kipaza sauti, neno moja moja, mpaka nje, mpaka kwenye changarawe.

"Sitakwambia uvute, Kombo. Nakuahidi. Ijumaa, mbele ya watu wote, nitawaambia kofia haina mdomo, na kwamba aliyekuwa akisema ni mimi."